Jina Jipya, Nyumba Ileile: Historia ya Neno Ikulu na Makazi ya Wakuu wa Dola katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya neno ikulu kutoka makao ya watemi wa Unyamwezi na Usukuma hadi kuwa jina la makazi rasmi ya Rais wa Tanzania, na hatimaye istilahi ya jumla ya Kiswahili kwa makazi ya rais wa nchi yoyote. Inadaiwa kwamba jina hilo liliwekwa juu ya majengo na madaraka yaliyorithiwa kutoka kwa magavana wa kikoloni, na kwamba maana zake tatu, yaani nyumba, ofisi na mwenye ofisi, zina athari katika uandishi na tafsiri ya nyaraka za kikanda.

Utangulizi

Tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Uzinduzi huo ulihitimisha mpango wa nusu karne: uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, na kwa miongo mingi ulibaki katika hotuba na katika majengo machache. Serikali ilikuwa na eneo kubwa lililo wazi na ramani haikuwa imefungwa na jengo lolote la kale. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuiona Ikulu ya Dar es Salaam, hata kwa picha tu, hakuhitaji kuelezwa sura ya jengo la Chamwino imetoka wapi. Kuta ni nyeupe, matao ni yaleyale.

Jengo la Dar es Salaam lilijengwa kwa ajili ya gavana. Kwa nini, basi, taifa lililopata nafasi adimu ya kumjengea kiongozi wake nyumba kuanzia msingi lilichagua kuirudia nyumba ya gavana? Jibu jepesi ni kwamba sura hiyo imekwisha kuwa sura ya Ikulu machoni pa wananchi, na alama ya dola haibadilishwi ovyo. Jibu hilo lina ukweli. Lakini linaibua swali lililo gumu zaidi, nalo ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja: ni kwa njia gani nyumba ya gavana iligeuka kuwa kitu chetu kiasi hicho? Hoja ya makala haya ni kwamba kazi kubwa ya ugeuzaji huo ilifanywa na neno moja.

Neno lililotoka bara

Ikulu si neno la pwani, na ushahidi wake umo ndani ya neno lenyewe. Mzizi wake ni ule wa Mame-Bantu wenye maana ya ukubwa na ukongwe, ambao katika Kiganda umebaki kama -kulu (mukulu), katika Kinyarwanda na Kirundi kama -kuru (umukuru), na katika Kinyamwezi na Kisukuma kama -kulu. Katika Kiswahili mzizi huohuo umekuwa -kuu: mkuu, wakuu, kuu, hata kuukuu. Konsonanti ya kati imedondoka. Udondoshaji huu si wa bahati nasibu. Ndio uliotupa njaa pale ambapo Wasukuma husema nzala na Wagiriama husema ndzala, na ndio uliotupa kukaa pale ambapo Wagiriama husema kukala. Kama ikulu lingekuwa neno la urithi wa Kiswahili, tungelitazamia liwe na umbo lisilo na l. Kuwapo kwa l hiyo ni sawa na muhuri wa forodha: neno hili limeingia kutoka kwingine.

Njia liliyopitia si vigumu kuikisia. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia ya kati, iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Waswahili na Waarabu nao walifanya makao Tabora, wakaishi kwa jirani na watemi wa Unyanyembe, wakafanya nao biashara, wakagombana nao na kupatanishwa nao. Katika maingiliano hayo Kiswahili kilijipatia msamiati wa utawala wa bara: mtemi, utemi, na ikulu, yaani makao ya mtemi na watu wake, mahali penye baraza na hukumu. Ikulu ya mtemi haikuwa nyumba tu. Ilikuwa boma, na ndani yake mlikuwa na nyumba nyingi, wake, walinzi, ghala na wageni. Pale aliposhindwa mtemi, ikulu yake ndiyo iliyoanguka. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozingirwa na jeshi la Wajerumani likiongozwa na Tom von Prince mnamo Januari 1893, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kutoka humo mateka.

Pwani ilikuwa na maneno yake. Kulikuwa na jumba, na kulikuwa na kasri, neno la asili ya Kiarabu, pamoja na beit katika majina maalumu kama Beit el Ajaib, jengo alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Kimsamiati, kwa hiyo, hapakuwa na pengo. Taifa jipya lilipotafuta jina la makazi ya Rais lingeweza kuchukua kasri, neno lililokuwa tayari linajulikana kutoka Lamu hadi Kilwa. Halikuchukuliwa, na sababu iko wazi kwa yeyote anayekumbuka siasa za miaka ile. Kasri lilikuwa la Sultani. Huko Zanzibar kwenyewe, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kasri la Sultani lilibadilishwa jina na kutangazwa kuwa la wananchi. Rais wa Zanzibar hakulifanya makao yake, bali serikali ilichukua jengo lililokuwa makazi ya Mkuu wa Waingereza. Mapinduzi yaliyomkataa Sultani yaliingia, bila kelele nyingi, katika nyumba ya aliyekuwa akimlinda Sultani.

Magogoni

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na baada ya kifo chake mwaka 1870 ikadorora. Wajerumani waliihamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na gavana akajengewa jumba ufukweni, mwanzoni mwa mlango wa bandari, mahali ambapo meli yoyote inayoingia ilibidi ilione kwanza. Ufahari huo ulikuwa pia udhaifu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, jumba la gavana lilikuwa wazi mbele ya mizinga ya manowari. Mwishoni mwa Novemba 1914 meli za Kiingereza zilipiga mji, na jumba likaharibika vibaya. Waingereza waliukalia mji mwaka 1916, na katika miaka ya mwanzo ya 1920 wakajenga upya juu ya magofu ya adui yao, kwa mtindo wenye matao na vibaraza ulioazima mengi kutoka majengo ya pwani na ya Mashariki ya Kati.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Nyumba ambayo leo inachukuliwa kuwa na sura ya Kiswahili ilipewa sura hiyo na wakoloni wa pili, waliotaka kujitofautisha na wa kwanza. Lilikuwa vazi lililochaguliwa na mtawala ili aonekane mwenyeji. Nairobi ilifuata njia nyingine. Makao makuu ya utawala yalipohamishwa kutoka Mombasa mwaka 1905, nyumba ya gavana ilijengwa juu ya kilima, mbali na soko na mbali na reli, na jengo linalojulikana leo linanasibishwa na Herbert Baker, msanifu yuleyule wa majengo ya serikali ya Pretoria na wa sehemu ya makao makuu ya Uingereza huko New Delhi. Hapo hapakuwa na matao ya kiswahiliswahili. Palikuwa na nguzo za Kizungu, na nyumba haikujifanya mwenyeji.

Hata hivyo nyumba zote mbili zilifanya kazi moja. Gavana alikuwa mtu mmoja mwenye vyeo vingi: alimwakilisha mfalme, aliongoza serikali, aliongoza baraza la kutunga sheria, na alikuwa na mamlaka ya kuamuru mtu afungiwe au ahamishwe. Palipolazwa mto wake ndipo palipotolewa amri. Kiingereza kiliita mahali hapo Government House, nyumba ya serikali, na jina hilo halikuwa sitiari. Wananchi nao walikuwa na majina yao ya kawaida: kwa gavana, kwa bwana mkubwa. Hakuna aliyehitaji kutenganisha nyumba na ofisi kwa sababu hakuna aliyezitenganisha.

Mwaka wa mwenye nyumba mgeni

Historia za uhuru husimulia bendera iliyoshushwa na bendera iliyopandishwa, na nyumba husahauliwa. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini kwa mwaka mzima baada ya hapo mkaaji wa jumba la Dar es Salaam aliendelea kuwa Sir Richard Turnbull, sasa akiwa Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia. Uganda ilikuwa na Sir Walter Coutts hadi Oktoba 1963. Kenya ilikuwa na Malcolm MacDonald hadi Desemba 1964. Katika nchi zote tatu, mtu aliyeongoza serikali huru alikuwa Waziri Mkuu, naye hakukaa katika nyumba ile. Kabidhi ya nyumba haikuwa tukio la uhuru, ila la jamhuri, au kwa Uganda la kuwa na Rais badala ya Malkia.

Tofauti hii ya mwaka mmoja ni zaidi ya jambo la itifaki. Wakati wa uhuru, utawala wa Waziri Mkuu ulitenganisha mkuu wa nchi na mkuu wa serikali. Jamhuri iliwaunganisha tena katika mtu mmoja, na mtu huyo akapewa nyumba ambayo tangu mwanzo ilijengwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Kiingereza kilibadilisha neno moja tu, Government House ikawa State House. Kiswahili kilifanya zaidi. Kilichukua neno la watemi.

Hapa ndipo historia ya neno inapogongana na historia ya sheria. Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Mwaka uliofuata, 1963, sheria iliyotambua mamlaka ya machifu ilifutwa, na watemi wa Unyamwezi na Usukuma, pamoja na machifu wengine wote, wakapoteza nafasi yao katika utawala. Kwa hiyo katika kipindi kilekile ambacho dola lilikuwa likiimarisha Ikulu moja mjini Dar es Salaam, lilizizima ikulu zote za bara. Si lazima kudai kwamba mtu fulani alikaa mezani akapanga mambo haya mawili kwa pamoja. Ila matokeo yake hayana utata: neno lilipandishwa cheo na wenye neno wakashushwa. Neno lililokuwa na wingi, kwa kuwa kila mtemi alikuwa na ikulu yake, likawa karibu jina la pekee, likaandikwa kwa herufi kubwa. Hata sarufi ilishuhudia mabadiliko hayo. Mtu huenda ofisini, huenda nyumbani, huenda sokoni; lakini huenda Ikulu, bila -ni, kama anavyokwenda Tabora au Tanga.

Marais wa kwanza wenyewe hawakuielemea nyumba hiyo kwa uzito wote. Julius Nyerere aliitumia Ikulu kwa kazi na akafanya makazi yake Msasani. Jomo Kenyatta alifanya kazi Nairobi na usiku akarejea Gatundu, ingawa mauti yalimkuta katika Ikulu ya Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Yawezekana kila mmoja alikuwa na sababu zake, za familia au za usalama. Usalama haukuwa jambo la kudhania: tarehe 20 Januari 1964, askari walioasi wa Tanganyika walipofika Ikulu, Nyerere ilibidi afichwe. Lakini ni vigumu kutoona pia kwamba viongozi waliokuwa wamewapinga magavana hawakuona raha kulala katika vitanda vyao. Ni Nyerere huyohuyo ambaye mwaka 1995, akiwa ametoka madarakani, aliwaonya Watanzania kwamba Ikulu ni mahali patakatifu pasipostahili kugeuzwa pango la walanguzi. Kauli hiyo hukumbukwa kwa onyo lake la rushwa. Kwa mtafiti wa lugha inaonyesha kitu kingine: katika miaka isiyozidi 35 nyumba ya gavana ilikuwa imepata utakatifu, na utakatifu huo haukuweza kutoka kwa Turnbull. Ulitoka kwenye neno.

Lubiri, ibwami na majina mengine

Kwa nini neno la kienyeji lilifanikiwa Tanzania na siyo kwa majirani? Uganda inatoa jibu kwa njia ya msiba. Kiganda kina neno lubiri, makao ya Kabaka, neno lenye hadhi na historia isiyopungua ile ya ikulu. Kabaka Mutesa II alikuwa pia Rais wa Uganda kuanzia 1963. Mtu mmoja, basi, alikuwa na lubiri huko Mengo na haki ya kutumia nyumba ya serikali huko Entebbe, na nchi haikuweza kubeba nyumba hizo mbili. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, chini ya Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka alitoroka, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme. Baada ya hayo, kuyaita makazi ya Rais wa Uganda lubiri lingekuwa tusi kwa upande mmoja na tishio kwa upande mwingine. Neno lilikuwa na mwenyewe aliye hai.

Rwanda na Burundi zilikuwa na ibwami, yaani kwa mwami, na neno hilo lilibaki na mwami pale ufalme ulipoondolewa, Rwanda mwaka 1961 na Burundi mwaka 1966. Leo ofisi ya Rais wa Rwanda hujulikana kwa jina la Urugwiro, neno la ukarimu na mapokezi mema, lisilodai ukoo na kiti chochote cha enzi. Burundi ilifanya kinyume: jumba jipya la Rais, lililojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019, lilipewa jina la Ntare Rushatsi, mfalme wa asili katika simulizi za nchi hiyo. Huko Kinshasa jina lilibaki la Kifaransa, Palais de la Nation. Jumba hilo lilijengwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni kwa ajili ya Gavana Mkuu wa Kibelgiji, na ndani yake, tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba alitoa hotuba yake mbele ya Mfalme Baudouin.

Ikulu lilifaulu, kwa maoni yanayotetewa hapa, kwa sababu mbili. Kwanza, lilitoka katika eneo lenye watemi wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kudai kwamba neno ni lake peke yake. Pili, lilikwisha kupita katika Kiswahili, na Kiswahili kilikwisha kulivua kabila. Mhindi angeelewa hoja hii. Jumba la vyumba 340 alilojengewa Mwakilishi wa Mfalme huko New Delhi lilipata mwaka 1950 jina la Rashtrapati Bhavan, jina lililoundwa kwa mizizi ya Kisanskriti ambayo haikuwa ya jimbo lolote moja. Mahatma Gandhi alikuwa amependekeza jumba hilo ligeuzwe hospitali. Pendekezo la jina lilikubalika kwa urahisi zaidi.

Nyumba, ofisi na mtu

Katika matumizi ya leo neno Ikulu hubeba walau maana tatu. Ni jengo: Ikulu imepakwa rangi. Ni taasisi: Ikulu imetoa taarifa. Na ni mwenye madaraka mwenyewe: anautaka uteuzi, anasubiri Ikulu. Metonimia ya aina hii hupatikana katika lugha nyingi, lakini Kiswahili kimeipa mizizi ya kina, kwa kuwa katika ikulu ya mtemi na katika nyumba ya gavana vitu hivi vitatu vilikuwa kitu kimoja kweli. Watumiaji wameanza kuvitenganisha wenyewe. Watanzania husema Magogoni wanapotaka jengo la Dar es Salaam na Chamwino wanapotaka la Dodoma. Serikali nayo huandika Ofisi ya Rais, Ikulu, kwa sababu Ofisi ya Rais ina matawi mengine yasiyo Ikulu, kama vile Utumishi.

Nchini Kenya mkanganyiko una gharama. Katiba ya 2010 ilirudisha cheo cha gavana, safari hii magavana 47 waliochaguliwa, na pamoja nao likarudi swali la nyumba ya gavana: ijengwe kwa fedha gani, iwe ya kiasi gani, na ni mali ya kaunti au ni marupurupu ya mtu? Tume ya mishahara ya umma ililazimika kuweka viwango vya gharama. Wakati huohuo nyumba za Rais nje ya Nairobi huitwa kwa Kiswahili ikulu ndogo, jina linalofunika historia zao zinazotofautiana. Ikulu ndogo ya Sagana, kwa mfano, ilikuwa zawadi ya arusi ya koloni la Kenya kwa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, na huko ndiko alikopata habari za kifo cha baba yake mnamo Februari 1952. Zawadi binafsi iligeuka kuwa mali ya dola. Mjadala wa umma kuhusu matumizi katika nyumba kama hizi ungekuwa na manufaa zaidi kama Kiswahili cha bajeti kingetaja bayana kama fungu ni la makazi, la ofisi au la shughuli za Rais, badala ya kuyatumbukiza yote chini ya neno Ikulu.

Kwa upande wa tafsiri, utangazaji umekwisha kuweka desturi. Husemwa Ikulu ya Marekani, Ikulu ya Kremlin, Ikulu ya Ufaransa, lakini husemwa Kasri la Buckingham. Ikulu imekuwa ya marais na kasri la wafalme: neno la mtemi limewaendea wasio wafalme, na neno la Sultani limebaki kwa wafalme. Desturi hii inafaa kufuatwa, kwa masharti mawili. Makazi ya mkuu wa serikali asiye mkuu wa nchi, kama Waziri Mkuu wa Uingereza, yaitwe makazi rasmi, wala yasiitwe Ikulu. Na jina ambalo nchi imelichagua kwa makusudi lisifutwe na neno la jumla. Katika nyaraka za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinazoandikwa kwa Kiswahili, Ikulu peke yake humfichia msomaji kile ambacho Warundi walitaka kikumbukwe. Ntare Rushatsi peke yake humwacha msomaji wa Mwanza hajui kama ni jengo au ni mtu. Ikulu ya Ntare Rushatsi inampa vyote viwili, na kwa Kigali mfasiri anaweza kuandika Ofisi ya Rais, Urugwiro, kwa kuwa hapo linalotajwa ni ofisi.